Jino Lako Mwenyewe Kwenye Pengo Lako

Wewe ndugu yangu uliyeshika shavu, ambaye jino limekunyima usingizi tangu jana, sogea karibu na redio, maana ya leo yanakuhusu.

Iko methali tunayoijua wengi: jino la pembe si dawa ya pengo. Waliotuachia methali hiyo walijua kwamba kitu cha kuazima hakikai mahali pa kile ulichozaliwa nacho. Leo basi sitazungumzia jino la pembe, wala jino la bandia, wala jino la chuma. Nazungumzia jino lako wewe mwenyewe, lililoota kinywani mwako, linalotolewa mahali ambapo halina kazi kubwa na kupandwa mahali penye pengo. Narudia, maana najua kuna aliyeshtuka: daktari anaweza kung'oa jino lako zima kutoka upande mmoja wa taya, akalipanda upande mwingine, likashika, ukalitafunia kwa miaka mingi. Si kwa kila mtu, na si kwa kila jino. Lakini jambo hili linawezekana, na wengi tunang'olewa meno bila kulisikia kabisa.

Tuanze na pengo lenyewe. Linatoka wapi?

Kwa watu wengi pengo la kwanza la ukubwani ni la gego la kwanza. Gego hili huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Tatizo lake ni kwamba linakuja kimyakimya. Halisukumi jino lolote litoke, kwa hiyo mzazi haoni pengo, haoni jino likilegea, hana habari kwamba mwanawe amepata jino la kudumu. Likianza kutoboka, mzazi anasema, "Liacheni, hilo litang'oka, litaota jingine." Halioti jingine! Hilo ndilo la maisha. Ndiyo sababu unakutana na kijana wa sekondari ambaye magego yake ya kwanza ya chini yameshaondoka, wakati ndevu zenyewe hazijaota.

Na mapengo mengine, wasikilizaji, tunayatengeneza kwa mikono yetu. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki bado wapo wanaoamini kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana meno ya plastiki, wengine wanayaita meno ya nailoni. Fizi za mtoto zinachimbwa kwa kifaa kisicho safi, na kinachotolewa mle si ugonjwa, ni chipukizi la jino. Mtoto anaweza kufa kwa kupoteza damu au kwa maambukizi. Akipona, huenda chonge lake la kudumu likaota limeharibika au lisiote kabisa. Hakuna jino la plastiki kinywani mwa mtoto. Mwenye mtoto anayeharisha ampe maji ya chumvichumvi na ampeleke kituo cha afya.

Haya, turudi kwenye pengo. Pengo la mbele linamsumbua mtu kwa sababu linaonekana. La nyuma tunalidharau, eti nani ataliona? Lakini meno hayapendi nafasi tupu. La jirani huanza kulala kuelekea pengoni, na la taya ya pili, lililokosa mwenzake wa kukutana naye, hushuka au hupanda taratibu. Baada ya miaka michache chakula kinakwama pasipokwama zamani, na mfupa uliokuwa umelibeba lile jino unapungua.

Dawa za pengo ni zipi? Yako meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Liko daraja, ambalo kwa kawaida linamlazimu daktari kuyachonga meno mawili ya jirani, hata kama ni mazima, ili yalibebe jino la katikati. Iko skrubu ya titani inayofungwa ndani ya mfupa na kuvishwa jino juu yake. Hiyo skrubu ni kazi nzuri kwa mtu mzima mwenye uwezo wa kuilipia. Kwa mtoto au kijana ambaye taya bado inakua haifai, kwa sababu skrubu haikui. Taya inasogea, meno ya jirani yanasogea nayo, skrubu inabaki palepale, na baada ya miaka jino lile linaonekana limezama kuliko wenzake. Na ya nne ndiyo hii tunayoizungumzia leo, jino lako mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tumchukue kijana wa miaka 18. Gego lake la kwanza la chini limeoza hadi limebaki vigae, haliwezi kuzibwa wala kutibiwa mzizi. Kule nyuma kabisa ana gego la mwisho, lile ambalo wengine huliita jino la hekima, na halijamaliza kuota. Mara nyingi gego hilo halina nafasi ya kutosha, halikutani na mwenzake, na ni gumu kulisafisha. Kwa kawaida tungefanya nini? Tungeng'oa lile bovu leo, na mwaka mwingine tungeng'oa la nyuma na kulitupa. Mashimo mawili, meno mawili kwenye taka. Daktari anayeijua kazi hii, akiona kwamba gego la nyuma ni zima na ukubwa wake unakaribiana na pengo, anaweza kuyafanya yote mawili kwa mara moja: anatoa bovu, anatoa zima, anapanda zima palipokuwa na bovu.

Je, jino lililong'olewa linaishije? Hapa ndipo pana siri yote, na nitaomba mkumbuke neno moja tu: utando. Mzizi wa jino haukugandishwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Umezungukwa na utando mwembamba sana, wenye nyuzinyuzi na chembe hai, unaoushika mzizi upande huu na mfupa upande ule. Utando huo ndio unaokufanya uhisi punje ya mchanga kwenye wali. Jino likitolewa kwa upole, sehemu ya utando inabaki imeshika mzizi. Mkulima anayehamisha mche anauchimbua na udongo wake, haukung'uti mizizi, wala hauachi juani. Daktari anafanya hivyohivyo kwa jino. Utando ukiwa hai, jino litashika. Utando ukifa, jino haliwezi kushika inavyotakiwa, hata likipandwa kwa ustadi namna gani.

Ndiyo maana kazi yenyewe ina haraka na ina upole kwa pamoja. Kwanza picha za eksirei, ili daktari apime upana wa jino, urefu wa mizizi, na mfupa uliopo. Siku hizi, kwenye hospitali zenye vifaa, hupigwa picha inayoonyesha jino kwa pande zote, kisha huchapishwa mfano wa jino hilo kwa plastiki. Mfano huo ndio unaojaribishwa shimoni mara moja, mara mbili, mara tatu, huku shimo likichongwa na kumwagiwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu ili mfupa usiungue kwa joto la mashine. Kwa njia hiyo jino lenyewe halichokozwi. Shimo likiwa tayari ndipo jino linapotolewa, likishikwa kwenye kichwa chake na si kwenye mzizi. Muda wa kukaa nje ya kinywa unahesabiwa kwa dakika, na kadiri zinavyokuwa chache ndivyo bora. Mgonjwa hapo ana ganzi, hahisi maumivu, anahisi kusukumwasukumwa.

Jino likishakaa shimoni halibanwi kwa nguvu. Linafungwa kwa uzi unaopita juu yake, au kwa waya laini uliounganishwa na majirani, kwa wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Halifungwi liwe gumu kabisa, kwa sababu utando unapona vizuri jino likiachiwa mtikisiko mdogo. Daktari pia anahakikisha halikutani na jino la juu mapema. Mgonjwa anakula laini, uji, mtori, wali uliolegea, anatafunia upande mwingine, na anapiga mswaki kwa uangalifu.

Halafu kuna jambo la umri, na hapa ndipo nafasi inapopotea. Jino linapoota, mzizi wake unakuwa haujaisha. Ncha yake bado iko wazi, na mishipa ya damu inapita pale kulisha kiini cha jino. Likihamishwa katika hali hiyo, mzizi ukiwa umefika theluthi mbili au robo tatu ya urefu wake, mishipa mipya inaweza kuingia kupitia ile ncha, kiini kikaendelea kuishi, na mzizi ukaendelea kukua mahali papya. Sijui kama mnanisikia: jino limehama, na bado linakua! Mzizi ukiwa umeshaisha na ncha imefunga, jino bado linaweza kuhamishwa, ila kiini chake hakitarudi. Hapo itabidi litibiwe mzizi, yaani kiini kitolewe na njia yake izibwe, na kazi hiyo huanza ndani ya wiki mbili hivi baada ya kupandwa. Kwa gego la mwisho, ile hali nzuri ya mzizi huwa mwishoni mwa ujana, karibu na miaka 17 hadi 19. Kwa magego madogo, yale yaliyo baada ya chonge, huja mapema zaidi, mtoto akiwa anamaliza shule ya msingi.

Pengine kuna anayejiuliza: kama jino linapandika, kwa nini nisinunue la mtu mwingine? Swali hilo ni la zamani, na jibu lake lina machungu. Katika karne ya 18, mjini London, daktari mpasuaji John Hunter alifanya majaribio ya kupandikiza meno. Moja ni maarufu mno: alipanda jino la binadamu kwenye kilemba cha jogoo, na kichwa cha jogoo yule bado kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina la Hunter mjini humo. Majaribio kama hayo yakaupa nguvu mtindo wa matajiri kununua meno ya maskini. Mwaka 1787 mchoraji Thomas Rowlandson alichora picha ya biashara hiyo, watoto maskini wanang'olewa meno yao mazima ili yapandwe vinywani mwa wenye fedha. Mwili haukuyapokea meno yale. Unalijua jino la mgeni na unalishambulia, mizizi ikaliwa, meno yakadondoka. Na magonjwa yalipita kutoka kinywa hadi kinywa, kaswende ikiwa mojawapo. Walioumia zaidi ni watoto waliobaki na mapengo kwa shilingi chache. Kwa hiyo tuelewane: tunazungumzia jino la mtu kwenda kwa mtu huyohuyo, kwa sababu mwili haugombani na kilicho chake.

Njia hii ya jino lako mwenyewe ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa Marekani walipoandika kuhusu kuhamisha magego ya mwisho kwenda kwenye mapengo ya magego ya kwanza. Lakini walioifikisha mbali ni watu wa Skandinavia. Mjini Oslo, Norway, Slagsvold na Bjercke walihamisha magego madogo ya watoto ambao meno yao hayajamaliza mizizi. Mjini Copenhagen, Denmark, Jens Ole Andreasen na wenzake walifuatilia magego madogo 370 yaliyohamishwa, wakatoa matokeo yao mwaka 1990: zaidi ya 9 katika kila 10 yalikuwa bado kinywani. Na kule Oslo, watafiti waliwaita tena watu waliopandikizwa utotoni, miaka 17 hadi 41 iliyokuwa imepita. Matokeo yalitolewa mwaka 2002, na meno 9 katika 10 yalikuwa bado yapo. Miaka 41, ndugu zangu! Mtoto amekuwa babu na jino lake lililohama.

Watoto wale wa Norway na Denmark wengi hawakuwa na tatizo la kuoza. Wengine walizaliwa bila jino fulani, wengine walianguka wakapoteza jino la mbele. Gego dogo lilihamishwa hadi mbele, likachongwa kidogo na kujengewa umbo la jino la mbele. Kwa mtoto, jino kama hilo linasafiri na taya yake inapokua, tofauti na ile skrubu niliyoitaja.

Lakini nisiwape matumaini yasiyo na mipaka. Si kila mtu anafaa. Mwenye ugonjwa wa fizi uliokomaa, anayevuta sigara sana, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, asiyesafisha kinywa, hao wana hatari kubwa ya kulipoteza. Jino lenye mizizi iliyopinda au kutanuka pande zote ni gumu kutoka bila utando kuchubuka. Gego lililozama ndani ya mfupa, linalohitaji kukatwa vipandevipande ili litoke, hilo si la kupandwa tena. Pengo la siku nyingi ambalo mfupa wake umeshakonda linaweza kukosa nafasi. Na hata likipandwa vizuri, kuna wakati utando unakufa sehemu fulani, mfupa unashikamana na mzizi moja kwa moja, na mwili unaanza kuula mzizi polepole. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa kurudi kuangaliwa kwa eksirei, mara kwa mara mwanzoni, kisha kila mwaka. Anayejua hatarudi, ni heri achague njia nyingine.

Sasa nataka niwape jambo moja mnaloweza kulitumia hata bila daktari wa upandikizaji, kwa sababu linategemea utando uleule. Mtoto ameanguka kwenye baiskeli au amepigwa kiwiko mpirani, jino la mbele la kudumu limeng'oka zima. Utafanya nini? Wengi tunalifunga kwenye karatasi au kitambaa, tunalitia mfukoni, tunamkimbiza mtoto. Jino linakauka njiani, na utando unakufa.

Fanyeni hivi. Liokote kwa kushika kichwa, usiguse mzizi. Kama lina uchafu, lisuuze kidogo tu, usilisugue. Mtoto akiwa na fahamu zake na ametulia, lirudishe shimoni palepale, aume kitambaa safi, mwende hospitali. Ukishindwa kulirudisha, liweke kwenye maziwa. Ndiyo, maziwa ya kawaida ya baridi. Hakuna maziwa? Mtoto ateme mate kwenye kikombe, jino liwekwe humo. Usilihifadhi kwenye maji ya bomba, maana chembe za utando zinapasuka majini. Na fikeni haraka, ndani ya saa moja ikiwezekana. Dakika 30 ni bora kuliko 60. Ila jino la utotoni likitoka lisirudishwe, litaumiza la kudumu lililo chini yake. Walimu wa michezo mnaonisikiliza, naomba mliandike hili ukutani, karibu na sanduku la huduma ya kwanza: kichwa si mzizi, maziwa si karatasi.

Najua mtu atasema, kwetu huku daktari wa meno mwenyewe yuko mbali, na ukimfikia anang'oa tu. Ni kweli, kung'oa ndiyo huduma inayotolewa kwa wengi wetu, na siwalaumu wanaoifanya katika zahanati yenye foleni ndefu na koleo tatu. Lakini kuhamisha jino hakuhitaji skrubu ya kuagizwa ng'ambo. Kunahitaji mikono iliyofundishwa, eksirei, ganzi, uzi, na mtu wa kutibu mzizi pale inapobidi. Vyuo vyetu vinafundisha madaktari wa meno, Muhimbili na Nairobi wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Mimi naamini huduma hii ina haki ya kuzungumzwa kwenye kila kiti cha daktari wa meno ambako kijana wa miaka 17 anakuja kung'oa gego lake la kwanza. Kumpa kijana huyo daraja, akachongwa meno mawili mazima, bila hata kumtazama gego lake la nyuma, ni kumpunja.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama wewe au mwanao mna miadi ya kung'oa jino wiki hii, muulizeni daktari maswali haya kabla ya sindano ya ganzi. Jino hili kweli haliokoleki, hata kwa kutibu mzizi? Kama haliokoleki, je, ninalo jingine linaloweza kuchukua nafasi yake? Na gego la nyuma mnalotaka kuling'oa, mzizi wake umefika wapi? Hospitali yake ikiwa haina uwezo, mwombeni barua ya kwenda hospitali ya rufaa mkaulize huko, na mwende kabla pengo halijakaa muda mrefu. Ulizeni jino likiwa bado tayani mwenu.